Mwana Amvishaye Mama Kiatu

Siku ya kugawa nguo za bibi mimi ndiye niliyepewa kasha. Wanawake walikuwa uani wanachambua mchele wa arubaini, na kwa kuwa marehemu ndiye aliyenilea, wakaona ni haki yangu nianze. Chumba chake hapa Unguja kilinuka udi na dawa ya kuchua, kama siku zote. Nikatoa mabuibui, nikatoa kanga ambazo hata hazijakatwa, doti juu ya doti, na chini kabisa mkono wangu ukagusa kitu kigumu kilichofungwa kwa kanga nyekundu iliyochakaa. Nilikijua kabla sijakifunua. Nilifunua upande wa chini tu, kona moja, na kupitia nailoni nikaona kiatu cha kike cha kizamani, chenye vifungo pembeni, na mkono wa mwanamume umekishika. Nikakaa chini sakafuni. Nje walikuwa wanacheka, mtu kasema jambo juu ya mchele.

Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, maana kiatu hicho nilikifahamu nikiwa na miaka tisa, huko Dubai, na ndicho kilichomfanya mama yangu mzazi aitwe mwizi.

Tulikuwa tunakaa Al Twar, katika fleti ya vyumba viwili, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba mtu akiongea nawe ilibidi asimame katikati ya sentensi, ndege ipite, ndipo amalizie. Tulizoea. Mpaka leo nikizungumza napumzika mahali pasipo na sababu, na watu hudhani natafuta neno. Baba alikuwa fundi wa kufunga mizigo kule Naif. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Mombasa wakija kununua bidhaa, yeye ndiye aliyezipanga kwenye makatoni, vyombo ndani ya mablanketi, redio ndani ya nepi za watoto, na hakuna kilichovunjika. Alikuwa na mtindo wake. Akimaliza kupiga selotepu, ncha ya mwisho aliikunja iwe kipande kidogo kisichoganda, akakiita sikio. Alisema mzigo usio na sikio watu wa forodha wataupasua kwa kisu, lakini ukiwa na sikio hata mtu mwenye hasira atalivuta tu. Wafungaji wenzake walimcheka, hakuna aliyemuiga. Akifungia mzigo nyumbani aliniacha mimi nikunje. Ndiyo raha yangu kubwa ya utotoni, ukitaka kujua, kukunja sikio la selotepu na baba ananiambia, "Taratibu, fundi."

Mama alikuwa mtu wa bara, wa Muheza, aliyesilimu alipoolewa. Alifanya kazi za nyumba Al Warqa kwa madam mmoja Mmarekani, mwanamke mtu mzima, mjane, aliyekaa peke yake kwenye villa yenye miti ya ndimu. Shule zikifungwa mama alinichukua. Pale ndipo nilipoziona sanamu.

Zilikuwa tano, zimepangwa kwenye rafu ndefu sebuleni, kila moja urefu wa mkono wangu wa wakati ule. Zilitengenezwa kwa jasi, zikapakwa rangi ya chai ya maziwa. Usidhani zilikuwa za wafalme wala watakatifu. Zilikuwa watu tu, wanafanya mambo ya watu, Marekani ya zamani za farasi na taa za mafuta. Wazee wawili wanacheza dama juu ya pipa, mmoja kashika kichwa kwa sababu kesha kufungwa. Mwalimu kamkamata mwanafunzi sikio na wenziwe wanaficha kicheko nyuma ya vitabu. Mchuuzi katandaza vitambaa mlangoni na wanawake wawili wanavutana kitambaa kimoja. Daktari anashuka farasi kwenda kwa mgonjwa, na kijana mweusi kashika hatamu. Na ya mwisho, iliyokaa karibu na dirisha, mama mzee kwenye kiti, mwanawe wa kiume kapiga goti anamfunga kiatu, na mke wa yule mwana kasimama kando na shali mkononi, anangoja kumfunika mkwewe.

Madam alisema zamani kwao sanamu hizi zilinunuliwa na kila mtu aliyejiweza kidogo, mwalimu, karani, mwenye shamba, wakaziweka dirishani ili wapita njia wazione. Mama akanifasiria kwa njia yake, "Kama sisi na kalenda ya duka." Mama hakujua Kiingereza kingi, lakini hadithi za sanamu zile alizishika zote. Alizifuta vumbi kwa brashi ya poda, polepole, huku ananisimulia, na kila mara akiongeza kitu. Yule aliyefungwa dama alikuwa na deni la ng'ombe. Yule mwanafunzi alikuwa amekula mayai ya mwalimu. Kwa kijana wa farasi alikaa kidogo zaidi, akampitishia brashi usoni, akasema, "Huyu naye atakuwa na kwao." Sikuwahi kumwona mama amefurahi nyumbani kwetu kama alivyofurahi kwenye rafu ya watu wengine.

Kila kiangazi madam alikwenda kwao, na villa ikazimwa viyoyozi. Kiangazi kimoja joto liliipasua rangi ya yule mwalimu, madam akasikitika kama kafiwa. Mwaka uliofuata akamwomba mama azihifadhi kwetu, ambako kiyoyozi hakizimwi. Baba alikwenda mwenyewe kuzifunga na kuzileta. Mama akazipanga juu ya kabati la chumba chao, akazifunika shuka. Ilikuwa amana, na mama aliisema hiyo amana siku nzima mpaka baba akamwambia, "Tumesikia, mke wangu."

Mwaka ule Ramadhani ilianguka katikati ya joto, na bibi mzaa baba akaja kutoka Unguja kufunga nasi.

Nikuambie ukweli, hakuna futari niliyokula baada ya pale ikanikaa mdomoni kama ile. Bibi alipika muhogo wa nazi na samaki, tambi za sukari, na kaimati ambazo alizidumbukiza kwenye shira huku anahesabu tasbihi kwa mkono wa pili. Mimi niliwekewa ya kwanza, ya moto. Mkate wa kumimina aliusikiliza, ndiyo, aliinama sikio karibu na chungu, akasema, "Bado unanung'unika." Alinisuka nywele bila kuniumiza. Alinifundisha juzuu amma nikiwa nimelala pajani pake. Kwangu alikuwa asali.

Kwa mama alikuwa kitu kingine. Hakuwahi kumwita kwa jina wala kwa heshima ya mkwe, alikuwa "yule". Akionja uji wa mama aliumeza kwa utaratibu, akafuta mdomo, akasema, "Umejitahidi." Mama akisali, bibi alisimama nyuma yake akimtazama vidole vya miguu. Akitoka kuoga, bibi alimuuliza kama kaoga ipasavyo au kajimwagia maji tu. Yote hayo kwa sauti ya upole, sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. Jirani yetu wa mlango wa pili, dada mmoja wa Kenya aliyefanya kazi hotelini, alisikia siku moja akaniambia, "Ai, shosho yako anapiga mtu na hata hamgusi. Hiyo ni talent."

Kuhusu sanamu alianza siku ile ile ya kwanza. Aliinua pembe ya shuka, akairudisha.

"Malaika wa rehema wataingilia wapi humu?"

"Mama, ni amana ya watu," baba akasema. "Mwezi ujao zinarudi."

"Haya. Mie nimesema tu."

Lakini nilimwona. Mama akiwa Al Warqa kumwagilia ndimu za madam, bibi aliniita chumbani, akaondoa shuka, akataka nimsimulie. Nikamsimulia kama mama alivyonisimulia, deni la ng'ombe na mayai. Alicheka hasa kwa wanawake wa kitambaa. Kwenye ile ya kiatu hakucheka. Alivuta kiti akakaa mbele yake, na nikaona amekaa vilevile alivyokaa yule mama mzee wa jasi, mikono juu ya magoti, kidevu juu. Alimtazama yule mwana aliyepiga goti muda mrefu.

"Huyu kalelewa," akasema. Kisha, "Na huyu mke kasimama hapa anangoja nini?"

"Anataka kumfunika shali, bibi."

"Shali," akasema bibi, kama mtu aliyetajiwa jina la mdai wake.

Siku mambo yalipoharibika bibi alinituma kwa jirani nikaombe pilipili. Jirani hakufunga, alikuwa anakaanga mayai, akanikalisha mbele ya runinga, nikasahau. Niliporudi nilisikia twanga, twanga, kama anaponda kitunguu thomu. Bibi alikuwa sakafuni, katandaza magazeti, sanamu mbele yake, na mkononi mchi mdogo wa kinu. Alikuwa anavunja vichwa. Kila kimoja alikisomea bismillahi, kama anachinja kuku. Mwalimu na wanafunzi wake walikuwa wamekwisha. Wacheza dama walikuwa wamekwisha, yule aliyeshika kichwa kabaki na mkono hewani. Alikuwa amefika kwa daktari.

"Na weye mweusi mwenzetu, baba, nisamehe," akamwambia kijana wa farasi. "Nawe umo."

Akagonga.

Lazima uelewe kwamba mbele ya watu wetu bibi alikuwa na hoja. Wazee wetu walifundisha kwamba sanamu isiyo na kichwa si sanamu tena, ni gogo, na gogo halimfukuzi malaika. Mtu mwingine angezitoa nje, au angetandaza msala chumba cha pili. Bibi aliona kwamba akizikata vichwa ataihifadhi amana ya watu na nyumba ya sala kwa mkupuo mmoja, na alivyonieleza, huku anakung'uta unga wa jasi kwenye kanga yake nyekundu, ilisikika kama anamfanyia madam hisani. Vichwa alivipanga kwenye sinia. "Chukua, chezea," akaniambia. Nilikichukua kimoja kisha nikakirudisha, kwa sababu kilikuwa kinacheka.

Ndipo nikaona ile ya kiatu haipo.

"Bibi, ya mama na kiatu iko wapi?"

"Ipi hiyo?"

"Ile ya tano."

"Zilikuwa nne," akasema. Alinitazama machoni aliposema. Na alikuwa amefunga.

Mama aliporudi hakupiga kelele. Alipiga magoti kwenye magazeti akaokota vichwa, akatafuta gundi ya baba, akaanza kuviunga. Kichwa cha daktari kikakaa kinyume, uso umeelekea mgongoni. Mwalimu akawekewa kichwa cha mwanafunzi, mama akakibandua, akajaribu tena. Halafu naye akatafuta ya tano, juu ya kabati, chini ya kitanda, bafuni. Baba alipoingia, bibi alikwisha kaa kitini.

"Wallahi mie sikuiona," akasema. "Muulize huyo. Ndiye anayeingia na kutoka na mkoba."

Mama akamgeukia baba, akasema tu, "Baba nanii, zilikuwa tano. Ulizifunga mwenyewe."

"Zilikuwa tano," nikasema mimi.

Baba akanipiga kofi, la kwanza na la mwisho. Aliniambia nisimfanye bibi mwongo naye kafunga. Kisha ikapita ndege, tukangoja wote ipite, na ilipokwisha kupita hakuna aliyemalizia sentensi.

Siku chache baadaye bibi akafungiwa mzigo wake wa Idd wa kutangulizwa Unguja, mablanketi na sahani na vitenge. Baba aliufunga sebuleni, nami nikakunja masikio ya katoni. Nilikuwa bado nimenuna. Akaniambia, "Taratibu, fundi," nikasamehe.

Madam alirudi baada ya kiangazi, na mama akanichukua, nadhani aliamini mtoto hulainisha moyo. Baba hakuja. Madam alizipokea sanamu getini, akavua miwani, akagusa shingo za wale watu mmoja mmoja. Hakufoka. Juu ya vichwa alisema amekaa nchi hizi miaka mingi, anajua mambo haya, na hata akasema anaheshimu. Lakini ya tano ilikuwa nzuri kuliko zote, na watu wanajua sanamu kama zile zinauzwa wapi. Mama akasema hakuchukua. Alisema kwa Kiingereza chake, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiarabu kidogo alichookota sokoni, kana kwamba ukweli umekwama kwenye lugha. Madam akamwambia afungue mkoba.

Mkoba, rafiki yangu. Kitu kizito kile, kirefu kuliko mkoba wenyewe, kitafutwe mkobani, tena getini, mtunza bustani wa jirani anatazama ndimu kwa nguvu zake zote. Mama akatoa kitana cha nywele, kadi ya basi, soksi zangu, kipande cha sabuni kilichofungwa karatasi. Akaviweka juu ya matofali. Madam akasema khalas, yamekwisha, kwa huruma yake hatapiga simu polisi. Akangoja. Nilikuwa mdogo lakini nilielewa anangoja nini. Mama akamshukuru.

Mamadam wanapigiana simu, usidhani wa kwetu tu ndio wana midomo. Kila mlango aliobisha Al Warqa ulikuwa umekwisha kusikia. Nyumbani bibi alikuwa akisema, anapofunua chungu, si kwa mtu yeyote, "Kikulacho ki nguoni mwako," na baba anakula bila kuinua uso. Kabla baridi haijaingia mama akapewa talaka, kwa sababu nyumba ya sala haikai na mwizi. Alirudishwa Muheza na begi moja. Kule getini kwa madam aliruhusiwa kukana. Kwetu hata hakuulizwa. Aliniinamia mlangoni akaniambia, "Zilikuwa tano. Usikubali wakwambie nne." Jioni ile nilisimama barazani, na kila ndege iliyopita niliamini ni yake.

Bibi akabaki kunilea, na alipozeeka tukarudi naye Unguja, baba na mimi. Nilimpenda. Nasema hivyo bila haya, maana nimejaribu kutompenda na haikuwezekana. Ladha ya kaimati zake ilifika kwangu kabla ya akili. Alipougua nilimvisha viatu mimi. Nilipokuwa nimeinama aliniwekea mkono kichwani akaniombea dua, na kwenye mazishi watu waliniambia nina bahati, nimepata radhi za mwanamke mchamungu.

Basi nikaifungua ile kanga yote.

Ndani ya kanga kulikuwa na ile nailoni yenye vipovu, imezungushiwa selotepu iliyogeuka rangi ya manjano. Sikuhitaji kisu. Ncha ya selotepu ilikuwa na sikio, limekunjwa vizuri, kwa kidole gumba cha mtu mzima. Mimi nilikunja ya nje, ya katoni. Hili sikulikunja mimi. Nililivuta, likafunguka bila shida, kama alivyosema siku zote kwamba litafunguka.

Mama mzee alikuwa mzima kwenye kiti chake, hata pua haikuchubuka. Mwana alikuwa mzima, kapiga goti. Mke alikuwa amesimama na shali mkononi, hana kichwa. Na hakuvunjwa kwa mchi kama wale wengine. Shingo ilikuwa imekatwa kwa msumeno na kulainishwa, kazi ya mtu aliyekaa nayo kwa raha zake, mlango umefungwa. Kwa kanuni ya bibi mwenyewe, basi, miaka yote ile alisali chumba kimoja na watu wawili na gogo.

Baba akasimama mlangoni. Ana mvi siku hizi, na mgongo umeanza kuinama. Aliitazama sanamu, akaitazama selotepu mkononi mwangu. Hakuuliza ni nini wala nimeitoa wapi.

"Wanangoja nguo huko nje," akasema, akaondoka.

Nilimpigia mama jioni ile ile. Anauza gengeni kwake Muheza, nyuma yake kuku walikuwa wanagombana. Nikamweleza yote, kanga, sikio la selotepu, shingo. Sikumsikia akilia. Hakuuliza habari za baba, na jina la bibi hakulitaja hata kwa kumrehemu.

"Madam ameambiwa?" akauliza.

Yule jirani wa Kenya bado yuko Dubai, akapita Al Warqa kwa ajili yangu. Villa imepakwa rangi nyingine, inakaa familia nyingine, ndimu zimekatwa kupisha magari. Mlinzi hakuwahi kusikia habari za Mmarekani yeyote. Madam alikuwa mzee tangu wakati ule, na anwani yake ya kwao hatukuwahi kuijua; pengine alikwisha kufa akiwa na hakika yake. Sanamu iko kwangu, imekaa dirishani, wapita njia wanaiona na wananiuliza yule mwanamke kafanywa nini. Mama hajaomba nimpelekee. Ila kila nikimpigia, kabla salamu hazijaisha, ananiuliza kama nimempata madam.